Makumi Mawili ya Mjomba Sixte

Treni ya kutoka Tabora ilipoingia Mpanda Jumamosi moja ya Juni mwaka 1976, kila mtu alikimbilia mabehewa isipokuwa Hilaria. Yeye alirudi nyuma hatua tano, akaweka jicho kwenye kamera, akabana pumzi. Alikuwa amemsimamisha mama mmoja wa Mwamkulu na wanawe watatu, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kidole kikabonyeza, na papo hapo bega pana lenye koti la kaki likapita katikati.

"Bwana gadi," Hilaria alisema, "umenilia picha."

Yotham aligeuka, filimbi mdomoni, bendera ya kijani kwapani. Alikuwa kijana mrefu wa Kinyamwezi, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari unakata. Mbele yake alimwona msichana mwenye gauni la bluu la maua madogo na mkanda mweupe kiunoni, ncha za vidole zimepiga rangi ya kahawia kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi.

"Nimekula nini, dada?"

"Picha. Filamu moja ina picha kumi na mbili. Sasa nina kumi na moja na bega lako."

"Limetoka vizuri lakini?"

"Sijui. Mpaka nilisafishe."

"Wapi, Tabora?"

"Nyumbani kwangu, Kashaulili."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwani bega lako linataka padri?"

Yotham alicheka mpaka filimbi ikamtoka. Jumamosi iliyofuata alikwenda Kashaulili kuulizia bega lake, akakuta limetundikwa ukutani, bega na sikio moja, nyuma yake watoto wawili na nusu. Alitaka kulinunua. Hilaria alikataa kuliuza. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa jambo lolote, ila majirani, nao walijiambia wenyewe.

Kamera Hilaria aliachiwa na bruda mmoja wa misheni ya Karema aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, pamoja na ufundi wote. Alipanga vyumba viwili, na kile kisicho na dirisha alikifanya chumba cha giza. Mlango aliutundikia mablanketi mawili kwa ndani, na chini akaziba na gunia. Maji ya kuchanganyia dawa aliyalaza kwenye mtungi, maana kwa joto la Mpanda maji ya bombani huivuruga filamu, ukatoka na picha za watu walioyeyuka. Saa ya mkono inayoonekana gizani hakuwa nayo. Bruda alimfundisha kuhesabu kwa rozari: filamu hukaa kwenye dawa ya kwanza makumi mawili ya Salamu Maria, bila haraka, na anayehesabu hakatizwi. Ukipoteza hesabu umepoteza filamu.

Mwezi wa tisa mama yake Yotham alipanda treni ya mwanawe kutoka Kaliua. Alisema anakuja kuona Mpanda, lakini alikuja kumwona Hilaria. Akala wali wake, akakagua sufuria zake, akaridhika. Wakati wa kurudi, Yotham akiwa mbali anahakiki mizigo, Mama alimvuta Hilaria pembeni ya stesheni.

"Nipige na mimi. Sijapigwa tangu nizaliwe."

"Nimwite Yotham mpigwe wote?"

"Usimwambie kabisa. Nitampa mwenyewe Krismasi, ashangae."

Alijifunga vizuri kitenge, akanyoosha shingo. Ilikuwa picha ya kumi na mbili, ya mwisho kwenye filamu.

Dawa zilikuwa zimeadimika Tabora nzima, kwa hiyo filamu ikalala kabatini ikisubiri. Kabla dawa hazijapatikana, mama yake Yotham aliugua homa siku nne, akafariki. Yotham alichukua likizo akaenda kuzika. Alipopiga simu stesheni kumwambia Hilaria, alisema maneno machache, na moja lilimkaa binti wa watu rohoni.

"Hata picha yake sina. Nikifumba macho naona kitenge tu, uso unakimbia."

Hilaria alifungua kinywa amwambie. Kisha akaiona akilini ile filamu, miezi miwili kwenye joto la kabati. Je, kama imeharibika? Kumwahidi mtu uso wa mama yake halafu umkabidhi karatasi tupu ni kumfanya azike mara mbili. Akanyamaza.

Siku zile zile mjomba wake Sixte, kaka wa mama yake, alihamia kwake kutoka Karema. Alikuwa katekista mpaka macho yalipomzimika. Alipoambiwa kuhusu chumba cha giza alicheka.

"Mpwa wangu, hiyo kazi ni yangu. Wewe shika filamu, mimi nitahesabu. Huko ndani sote tutakuwa sawa."

Dawa zilifika Ijumaa moja ya Novemba. Yotham alitazamiwa kurudi kazini wiki ya pili yake. Hilaria alikusudia kuisafisha filamu Jumamosi, na kama imetoka, amkabidhi mwenzake picha atakapokuja. Asilolijua ni kwamba Yotham alikuwa amekatisha likizo. Nyumba bila mama ilimshinda, na alitaka kumwona mtu mmoja tu.

Alifika Kashaulili saa saba mchana. Kizingitini palikuwa na katambuga za tairi, kubwa, za kiume. Akaingia, akagonga mlango wa ndani.

"Hilaria. Ni mimi. Fungua."

Ndani, kwenye giza totoro, Hilaria alikuwa ameshika filamu kwa ncha zote mbili, akiipandisha na kuishusha kwenye sinia la dawa. Mjomba Sixte alikuwa kwenye Salamu Maria ya nne ya kumi la pili.

"Siwezi," alisema. Neno hilo moja aliliiba katikati ya sala.

Yotham alitega sikio. Kupitia mbao na mablanketi hakusikia Salamu Maria, alisikia sauti nzito ya mwanamume ikinong'ona taratibu bila kukoma.

"Uko na nani humo?"

Sauti ikaendelea kunong'ona. Kisha mwanamume akakohoa.

Hilaria alijua kabisa kinachoendelea upande wa pili. Angeweza kusema, hesabu ikapotea, dawa ikala uso wa mama wa watu. Angeweza kufungua, mwanga ukaingia, wakabaki wanatazamana na utepe mweusi. Machozi yalimtiririka huku mikono ikipanda na kushuka kwa mwendo uleule. Alichagua mama, akijua mtoto anaondoka.

Na kweli aliondoka. Treni haikuwa na haraka, moyo ndio uliokuwa na haraka. Angevumilia dakika chache zaidi angefunguliwa na kukaribishwa. Hilaria alipotoka na mikono inachuruzika alikuta katambuga tu. Alikimbia hadi stesheni na kukuta treni imeanza kujivuta. Yotham alisimama mlangoni mwa behewa la mwisho. Alimwona, akamtazama vizuri, halafu akaelekeza uso mbele na kumpungia dereva bendera ya kijani.

Jumamosi tatu treni ilikuja na gadi mwingine, Maduhu, mtu mnene asiyejua kuficha jambo.

"Kabadilishana zamu na mimi, shemeji, yeye yuko stesheni ya Kaliua. Kaomba kuhamia Dodoma. Karatasi ishafika, anatia sahihi mwisho wa mwezi."

Siku hiyohiyo Hilaria aliingia ofisini kwa stesheni masta, Mzee Gelasius.

"Shikamoo, mzee. Naomba simu ya Kaliua."

"Marahaba. Simu hii ni ya treni, sio ya mapenzi."

"Ninayemtafuta ni gadi, mzee. Gadi si treni?"

Mzee Gelasius alifikiri, akazungusha mkono wa simu.

"Kaliua hapa," ilisema sauti anayoijua.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Niliyetundika bega lako ukutani."

"Katambuga zile za nani?"

"Za mjomba wangu Sixte. Kahamia kwangu ulipokuwa msibani."

"Mjomba anafanya nini gizani na mlango umefungwa?"

"Anasali."

"Hilaria, ungesema anatengeneza kitasa ningekuamini."

"Haoni, Yotham. Ananihesabia dawa kwa rozari. Akihesabu, mtu haongei."

"Hata neno moja, kwa mtu aliyetoka kuzika?"

"Nilikupa neno moja. Ndilo nililokuwa nalo."

"Na kilichokuwa kwenye dawa kilikuwa kikubwa kuliko mimi?"

Angemwambia palepale. Lakini simu ya reli ni waya mmoja, na stesheni zote za njiani huinua simu kusikiliza. Habari ya marehemu haisemwi mbele ya njia nzima.

"Kilikuwa chako," alisema. "Njoo Jumamosi, uingie ndani mwenyewe, nifunge mlango nawe ukiwemo. Ukitoka na moyo huohuo, katie sahihi Dodoma yako, sitakupigia tena."

"Nitaona."

"Nenda, bwana," ilidakia sauti ya tatu. "Hapa ni Ugalla. Dada wa watu anaongea vizuri."

Jumamosi hiyo ng'ombe wa Wasukuma walilala relini, treni ikaingia saa saba na nusu badala ya asubuhi, na ilitakiwa kugeuka saa nane. Gadi alikuwa Yotham. Alishuka akatembea Kashaulili kwa hatua ndefu, amevaa kiburi chake chote pamoja na sare. Mlangoni alimkuta mzee mwembamba mwenye rozari shingoni, amesimama ameelekeza uso juu kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyegonga," alisema Sixte. "Karibu. Giza utalizoea, mimi nilichukua mwezi mmoja."

Hilaria alifunga mlango, akashusha mablanketi. Ikabaki kandili yenye kioo kilichopakwa rangi nyekundu. Aliweka filamu juu ya karatasi nyeupe, akaibana na kioo, akaimulika kwa tochi, moja, mbili, tatu. Kisha akaitumbukiza karatasi kwenye sinia.

"Tazama hapo. Usiseme kitu."

Mjomba Sixte akaanza kuhesabu, na Yotham aliitambua ile sauti nzito iliyomfukuza. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Hakuna mtu mwingine Mpanda nzima aliyewahi kuionea wivu rozari.

Karatasi ilikuwa tupu. Kisha likaja doa, doa likawa mkunjo wa kitenge. Ikaja shingo iliyonyooshwa, na juu ya shingo, polepole, mdomo uliobana kicheko, mashavu, macho. Mama alikuwa anamtazama kutoka chini ya maji.

Yotham alishika ukingo wa meza. Alilia bila sauti, kwa sababu aliambiwa asiseme kitu.

"Alitaka akupe Krismasi," Hilaria alinong'ona mjomba alipomaliza kuhesabu. Akaihamishia picha kwenye dawa ya pili. "Humu inakaa kumi zima. Mjomba, anza."

Mjomba alianza. Kanuni ilikuwa ileile, mtu haongei. Yotham alijitahidi mpaka Salamu Maria ya tatu.

"Hilaria, ile karatasi ya Dodoma nitaichana. Nataka nipeleke posa kwenu Karema. Unanikubali?"

Sixte aliendelea, ya nne, ya tano, hakuruka hata moja. Yotham alisubiri kila moja ikipita. Ya saba. Ya nane. Sasa alijua mtu anayegonga mlango anavyopaswa kungoja.

"Amina," alisema Sixte. "Toa picha, mpwa wangu. Halafu umjibu mwenzako, nimesali harakaharaka kwa ajili yake."

"Harakaharaka, mjomba? Basi picha haijaiva. Rudia."

"Hilaria," Yotham alisihi.

"Nyamaza, mzee anahesabu."

Kumi la pili likaanza, na hili mzee alilisali kwa utulivu kabisa. Kwenye Salamu Maria ya kwanza, mkono uliolowa, unaonuka dawa, ulipapasa chini ya meza ukaupata mkono wa Yotham, ukaingiza vidole katikati ya vidole vyake, ukakaza. Huko mbali treni ilipiga honi. Wote wawili waliisikia. Treni haiondoki bila gadi wake, na gadi hakuondoa mkono.

Siku ile treni ya Mpanda ilichelewa kuondoka kwa dakika ishirini na tano. Mzee Gelasius alimsubiri Yotham mlangoni mwa ofisi, kalamu mkononi, amefura, akitaka sababu ya kuandika kitabuni. Yotham alimwonyesha picha iliyolowa bado, akamweleza. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaketi na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: *Gadi alikuwa kwenye rozari.*

"Lakini, mzee," alisema Yotham, "mimi ni Mmoraviani."

"Nitajua mimi," alisema Mzee Gelasius. "Piga filimbi yako tuondoe treni."