Pikipiki Mbili za Babu Walenty

Kila siku baada ya shule, Salomea alishuka basi mbele ya kanisa la kijiji cha Podlipie, akatembea peke yake hadi nyumbani, akala viazi na maziwa mgando aliyoachiwa mezani, kisha akaenda ghalani kukaa juu ya pikipiki ya baba yake. Hakuiwasha. Alikaa tu, mikono kwenye usukani, mpaka giza lilipoanza kuingia na babu yake akamwita aje kuwafungia kuku.

Ghalani mlikuwa na pikipiki mbili. Mgeni angedhani ni pacha: zote zilikuwa za silinda moja, tangi la umbo lilelile, kiti kirefu kilekile, taa ya mbele ya duara. Tofauti ilikuwa ndani ya injini. Ya babu ilikuwa ya cc 125, na ya baba ya cc 175. Nyumbani waliziita Ndogo na Kubwa.

Baba na mama walikuwa Norwe, katika kiwanda cha samaki. Walipiga simu Jumapili na siku za sikukuu. Kubwa ilikuwa imefunikwa blanketi tangu walipoondoka, na babu aliiwasha mara mojamoja ili isigande.

Mwezi wa Oktoba upande mmoja wa paa la ghala ulianguka. Mahali pakavu palibaki pa pikipiki moja.

"Moja itakwenda kwa Hieronim kabla ya theluji," babu Walenty alisema wakila. Hieronim alikuwa mfuga nyuki wa kijiji jirani.

"Ipi?" Salomea aliuliza.

"Sijui. Jumamosi tutazipima. Kila moja lita moja ya mafuta, iende mpaka makaburini, irudi, tupime yaliyobaki. Itakayotufaa zaidi ndiyo tutakayobaki nayo. Baba yako nitamwambia akipiga simu."

Salomea aliweka kijiko chini. Nguo za baba zilikuwa zimegawiwa, na kitanda chake kilikuwa kimejaa vitunguu vya kukaushwa. Kilichobaki chake pale nyumbani kilikuwa Kubwa. Ikiondoka, aliwaza, baba atarudi kuchukua nini?

Injini za aina hii hazina mahali pa kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa kwenye tangi. Ikiwa kidogo mno, pistoni hukwama. Ikiwa nyingi mno, plagi hulowa, moshi hujaa barabarani na nguvu hupotea. Kipimo cha babu kilikuwa kikombe cha dawa ya kikohozi, kikombe kimoja kwa kila lita, na kazi ya kuchanganya alikuwa amemwachia Salomea tangu kiangazi.

Jumamosi ilikuwa na jua. Salomea alichanganya mafuta peke yake nyuma ya ghala. Katika chupa ya Kubwa alitia kikombe kimoja. Katika chupa ya Ndogo alitia vikombe vinne.

Kubwa iliwaka babu alipopiga kiki mara ya tatu. Ilipanda kilima cha makaburi kwa gia ya tatu na kurudi bila tabu. Ndogo ilitoka ikifuka kama bomba la moshi la kiwanda. Tytus, kijana wa jirani, alikuwa ameegemea uzio.

"Babu Walenty, unakwenda makaburini au unakaanga soseji?" alipiga kelele.

"Nyamaza wewe, nisije nikakukaanga na wewe!" babu alijibu.

Katikati ya kilima Ndogo ilikohoa ikazimika. Babu aliikokota mpaka nyumbani, akisimama kila baada ya muda kupumua. Salomea alimwona kutoka langoni, na hakwenda kumsaidia.

"Imechoka," babu alisema, akaiegemeza ukutani. "Kama mimi. Basi, Hieronim atachukua Ndogo. Nitamwambia aje Siku ya Watakatifu Wote, baada ya ibada."

Usiku ule Salomea alipaswa kufurahi, lakini hakupata usingizi vizuri.

Siku ya Watakatifu Wote iliamka na jalidi. Barabarani watu walikuwa tayari wakipita kuelekea makaburini na vyungu vya maua na mishumaa ya vikopo. Babu, akiwa amevaa koti lake la Jumapili, alitoa Kubwa nje ili waende kwenye kaburi la bibi. Mara hii injini ilikuwa imepoa kabisa kwa jalidi. Alipiga kiki, akapiga tena. Kisha kiki ilirudi nyuma kwa ghafla na kumpiga kwenye muundi wa mguu. Babu alikaa chini kwenye kizingiti cha ghala. Suruali ilikuwa imechanika, na damu ilianza kushuka kwenye soksi.

Salomea alileta maji na kitambaa. Babu alijifunga mwenyewe. Njiani majirani waliendelea kupita.

"Sijawahi kukosa kwenda kwake siku hii," hatimaye alisema. "Kwa mguu huu kilima sitakiweza. Ningekwenda na Ndogo, lakini Ndogo imekwisha."

"Haijaisha, babu."

Babu alimtazama.

"Nilitia vikombe vinne vya oili. Kwenye Ndogo tu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini hukufungua plagi? Ungeona."

"Sikuifungua kwa sababu mafuta ulichanganya wewe."

Hakupandisha sauti. Salomea alitamani angepandisha.

"Ya baba ikienda," alisema, "atarudi kuchukua nini?"

Babu aliangalia Kubwa, kisha Ndogo.

"Lete ufunguo wa plagi," alisema.

Plagi ya Ndogo ilitoka nyeusi, ikidondosha oili. Salomea aliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Alimwaga mafuta yote ya tangi, akachanganya mapya, kikombe kimoja kwa lita, babu akiwa ameangalia upande mwingine. Ndogo iliwaka kwa kiki moja nyepesi. Walivaa kofia ngumu, Salomea akapakata chungu cha maua, wakaondoka.

Kwenye kilima Ndogo ilishuka mpaka gia ya pili ikapanda polepole, kama bibi mwenye kikapu kizito. Lakini ilifika. Waliwasha mishumaa, wakasimama wawili mbele ya kaburi, huku familia nyingine zikiwa nyingi kuwazunguka. Waliporudi walipima mafuta. Ndogo ilikuwa imetumia kidogo kuliko Kubwa.

Simu ya baba ililia mchana.

"Mmemwashia bibi mshumaa?" aliuliza.

"Tumewasha," Salomea alisema, kisha akamweleza yote, pamoja na vikombe vinne.

"Salomea, mimi hata sikumbuki mara ya mwisho niliipanda lini. Mpeni Hieronim."

"Nilidhani ungerudi kuichukua."

Upande wa pili zilisikika mashine za kiwanda.

"Nikija, sitakuja kwa ajili ya chuma," baba alisema. Hakusema atakuja lini.

Hieronim, mtu wa mabega mapana, alifika baada ya simu hiyo, akaiwasha Kubwa kwa kiki moja. Alihitaji nguvu yake ili kuvuta kigari cha mizinga ya nyuki vilimani. Ilipopotea kwenye kona, mlio wake ulisikika kwa muda, kisha palibaki sauti za kuku.

Babu na mjukuu wake walisimama langoni.

"Hakuna iliyo mbaya," babu alisema. "Kubwa ni nzuri kwa mtu mwenye mguu mzima na mzigo mzito. Ndogo ni nzuri kwa mzee anayekwenda taratibu. Tungelijua hilo Jumamosi. Ukipima vitu viwili, mjukuu wangu, usitie mkono wako upande mmoja, hata ukiwa na uchungu moyoni. Uchungu uniambie mimi. Kipimo ukiache kiseme kweli, kwa sababu kuna mtu atapanda kilima akikitegemea."

"Nimekosa, babu."

"Najua. Kesho tunakwenda kanisani. Tangi linahitaji mafuta."

"Nani atachanganya?"

Babu alitoa mfukoni kikombe cha dawa ya kikohozi, akampa.

"Kwani hapa nyumbani yuko nani mwingine?"