Gogo la Kaburini

Hii ilimupata rafiki yetu Cirimwami, miaka ya Zaïre, alipokuwa akichunguza wadudu na ukungu unaoua miti. Kule Masisi alikuta muti unaooza, umepandwa juu ya kaburi la mutoto.

“Citoyen, mwananchi, usiukate,” Mama Philomène alimulilia. “Mutoto wangu amelala chini yake.”

“Sasa ni chakula cha wadudu tu, mama.” Akaukata, akabeba gogo mpaka kwake Murara.

Ndani ya depo, gala yake yenye giza, alitega sikio juu ya ganda, kama kawaida yake, ahesabu wanaotafuna. Kwaru, kwaru. Kisha kimya. Alipolipasua gogo, hamukuwa hata mududu mumoja.

Asubuhi aliamushwa na kwaru, kwaru. Juu ya muto alioulalia, pale penye sikio, kulikuwa unga wa mbao. Akaupangusa. Mwingine ukadondoka kutoka sikioni mwake.