Karatasi Namba 2215

Fadila alimwekea Enver kahawa mezani, akamtania: "Kunywa, kaka. Hao wafu wako wa njano hawakimbii."

Enver alicheka, akafungua jalada lililofuata.

Walikuwa wakiingiza kwenye kompyuta ya hifadhi ya mimea rekodi za krepisi, maua ya njano ya milimani yenye utomvu mchungu kama wa mchunga, yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Zilibaki zile alizokusanya Ševala, mke wa Enver, aliyeanguka na kufa kwenye majabali ya mlima Treskavica tarehe kumi na nne Juni mwaka uliopita. Siku ile alimwomba Enver waende pamoja. Enver akasema ana kazi.

Karatasi yake ya mwisho ilikuwa namba 2214. Chini yake palikuwa na 2215.

Mwandiko ulikuwa wa Ševala, ule wa kulalia kushoto. Ua lilikuwa bichi, linachuruzika utomvu. Tarehe: kumi na nne Juni, mwaka huu. Yaani kesho.

Fadila alisoma, akanong'ona, "Ya Allah. Funga hilo jalada. Namwita bibi Nura, yule mganga anayeagua kwa risasi."

Bibi Nura alifika kabla ya alasiri na kikaango chake cha kuyeyushia risasi. Alimfunika Enver shuka jekundu, akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha Enver na kumimina ndani yake madini ya risasi yaliyoyeyuka, na maji yalipopiga yowe, karatasi kabatini nazo zikaanza kuchakarika, moja, kisha kumi, kisha zote, kama mtu anayepekua kwa pupa akitafuta jina, huku harufu ya udongo mbichi ikipanda na kupanda hadi Fadila akaziba pua kwa mtandio na kusoma dua bila sauti.

Kisha kimya.

"Si mkeo, mwanangu," bibi Nura alisema polepole. "Ni jini, kaazima mkono wake. Hakuwezi mpaka uiingize karatasi hii kwenye hizo rekodi zenu. Ichome."

"Ni mwandiko wake, bibi."

"Ndiyo maana kauchagua."

Enver aliahidi. Walipoondoka alichukua kiberiti, akaitazama karatasi mara moja tu ya kuaga. Mstari wa mwisho, wa kutaja aliyefuatana na mkusanyaji, mchana ulikuwa mtupu. Sasa ulikuwa na neno moja, wino haujakauka: Enver.

Asubuhi iliyofuata aliingiza namba 2215 neno kwa neno, kama kazi yao inavyotaka: mahali, tarehe, mkusanyaji, aliyefuatana naye. Kisha akainama, akafunga kamba za viatu vya mlimani.

Kabatini, karatasi zilikuwa zimetulia.