Mstari Unaoanzia Mlangoni

Laurence alikuwa fundi cherehani wa Nsemulwa, mjini Mpanda. Alikaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jioni. Mgongo ulimuuma na uzito ukaongezeka. Muuguzi akamwambia, "Dada, tembea. Ukiweza, kimbia." Basi Laurence akanunua raba za mtumba. Akaweka programu ya mazoezi kwenye simu yake, akaanza.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alitoka mlangoni, akakimbia mpaka barabara ya lami, akarudi. Simu ilihesabu kilometa. Ilichora pia mstari mwekundu kwenye ramani, kuonyesha alikopita. Watu wengine wa programu ile waliona mstari wake, wakamtumia pongezi. Nani hapendi kusifiwa? Laurence alishona suruali za watu huku jicho moja likiwa kwenye simu.

Mama yake, Immaculata, alimshangaa.

"Unakimbia, unafukuzwa na nani?"

"Ni mazoezi, mama."

"Mazoezi! Jembe lipo pale nyuma ya nyumba, linakusubiri."

Siku moja, mtu aliyejiita Arcade alimwandikia kwenye programu: "Amahoro, mushiki wanje."

Laurence alitabasamu peke yake. Hicho ni Kirundi. Maana yake ni, "Amani, dada yangu." Babu na bibi yake walikimbia vita Burundi, wakapokelewa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda. Leo familia yote ni Watanzania, lakini nyumbani bado wanaongea Kirundi. Laurence akisikia mtu anakiongea mjini, humwita ndugu hapo hapo, hata kabla ya kujua jina lake. Ndivyo alivyozoea. Na hapo ndipo alipokosea, nasema wazi.

"Kwenu wapi?" Arcade aliuliza.

"Katumba," Laurence akajibu.

"Na mimi Katumba! Kumbe sisi ni ndugu."

Waliandikiana wiki mbili. Kisha Arcade akasema, "Jumamosi tukimbie wote. Njoo barabara ya Sumbawanga, nje kabisa ya mji. Kule hakuna usumbufu. Ila usimwambie mama. Wazee wetu wana maneno mengi."

Laurence akakubali. Tangu saa ile hakutulia. Mara anafurahi, mara anasita. Alishona mkono wa gauni ukiwa umegeuzwa ndani nje, mwenye gauni akamcheka.

Alhamisi alichelewa kuamka. Simu ikalia. Arcade alikuwa ameandika: "Leo umelala? Mlango wa bluu bado umefungwa."

Laurence alisoma mara mbili. Mlango wao ulikuwa wa bluu. Lakini hakuwahi kumwambia Arcade anapoishi! Alichungulia dirishani. Njiani kulikuwa na mwanamke mwenye ndoo, pikipiki mbili, na mwanamume aliyesimama akifunga kamba ya kiatu. Yupi? Au si yeyote kati ya hao? Akavuta pazia.

Siku hiyo hakukimbia. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje, aliacha kushona na kusikiliza. Jioni alishindwa kuvumilia. Akaenda nyumba ya pili kwa jirani yake, Kasilda. Kasilda ni afisa maendeleo wa kata, na Jumamosi huongoza kikundi cha jogging.

"Dada Kasilda, naogopa," alisema, akampa simu.

Kasilda alisoma yote, taratibu. Hakucheka, wala hakugomba.

"Nani alitaja Katumba kwanza? Wewe au yeye?"

Laurence akafikiri. "Mimi."

"Unaona. Ulimpa jibu, akalivaa. Na Kirundi si kitambulisho, mdogo wangu. Mtu anaweza kujifunza salamu mbili sokoni."

"Lakini mlango ameujuaje?"

Kasilda akafungua ramani. "Tazama mstari wako. Unaanzia wapi?"

Laurence akatazama. Mstari mwekundu ulianzia mlangoni kwao. Jana, juzi, wiki zote, mlangoni. Na saa ya kutoka imeandikwa pembeni.

"Mungu wangu! Nimemchorea njia mwenyewe!"

"Hukujua. Wengi hawajui. Wanaoteleza hapa si wajinga, na wewe si mjinga." Kasilda alifungua mipangilio ya programu. "Hapa unaficha mwanzo na mwisho wa safari. Hapa unachagua wanaoona mazoezi yako: wale unaowajua tu. Na hizi safari za zamani zifiche pia, maana bado zinaonyesha nyumba."

"Nimfute Arcade?"

"Bado. Kwanza piga picha ya maneno yake yote, tupate ushahidi. Kisha mwambie mama."

"Mama! Atanikataza kukimbia kabisa!"

"Arcade alikwambia usimwambie mama. Kwa nini? Fikiria hilo tu."

Laurence alimwambia mama yake. Immaculata alifoka, akalia kidogo, kisha akafuta macho kwa kitenge.

"Mwana wanje, sisi tunaulizana," alisema. "Mgeni akija anasema kwao kijiji gani, wanasali wapi, mzee wao nani. Halafu tunapiga simu kuhakikisha. Wewe uliuliza nini?"

"Sikuuliza kitu."

"Basi muulize sasa."

Laurence akaandika maswali yale. Arcade akajibu, "Maswali mengi ya nini? Huniamini?" Hakutaja kijiji, wala kanisa, wala mzee.

Kasilda akasema, "Mwambie Jumamosi aje uwanjani, kwenye kikundi chetu. Tutakuwa watu thelathini."

Jibu lilikuja haraka: "Hapana. Uje peke yako." Kisha yakafuata matusi, ambayo sitayaandika hapa.

Immaculata aliyasoma yote. "Ndugu gani huyu?" akasema, akaketi chini kwa hasira.

Laurence akapiga picha za maneno hayo pia. Halafu akamzuia Arcade asiweze kumwandikia tena. Ijumaa walikwenda wote watatu dawati la jinsia, polisi. Askari wa kike alichukua maelezo na zile picha. Kasilda akawaambia majirani wawe macho. Arcade alikuwa nani hasa? Mpaka leo hawajajua, na jambo hilo bado linamkera Laurence.

Jumamosi alikimbia na kikundi. Kilometa ya kwanza aligeuka nyuma kila dakika. Kilometa ya pili pia. Watu waliimba, Kasilda akiwa mbele na filimbi. Kwenye kilometa ya nne Laurence aligundua kwamba na yeye anaimba.

Miezi miwili ikapita. Mgongo ukaacha kuuma. Ndipo ujumbe mwingine ukaingia kwenye programu: "Habari dada. Naitwa Glory. Ni mwalimu, nimehamia Mpanda juzi. Natafuta wa kukimbia naye."

Laurence akamkumbuka Arcade. Aliweka simu chini, akaichukua tena. Kisha akajibu: "Karibu Jumamosi uwanjani, saa kumi na mbili na nusu. Tunakuwa wengi. Njoo na mwenzako, na uage nyumbani unakokwenda."

Glory alikuja na mwalimu mwenzake. Kabla hajapewa mkono na mtu, Immaculata alisimama mbele yake, kitenge kiunoni na raba mpya miguuni.

"Karibu, mwanangu. Kwenu wapi? Unafundisha shule gani? Nani anakujua hapa?"

"Mama!" Laurence aliona aibu.

Glory akacheka, akajibu yote matatu. Mwalimu mwenzake akaitikia kwamba ni kweli.

"Haya," alisema Immaculata. "Sasa kimbieni nyie. Mimi nitakuja nyuma, nione anayewafuata."