Chupa Mbili za Sharubati

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi, Kadzo alikuwa amekwisha kuchemsha sufuria mbili za maji. Sufuria ya kwanza ilikuwa ya sindano. Ya pili ilikuwa ya chupa, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu zahanati ile ndogo ya njia ya Munje ilikuwa na dawa lakini haikuwa na chupa za kutilia. Kila mgonjwa alikuja na ya kwake kutoka nyumbani: ya mafuta ya nazi, ya soda, hata ya marashi ya harusi ya mwaka juzi. Kadzo alizisugua, akazitia maji ya moto, akazijaza dawa, akazirudisha kwa wenyewe kupitia dirishani.

"Daktari, yangu usiisugue sana," bibi mmoja alimwambia. "Ile harufu ya marashi inanisaidia kumeza."

Watu walikuwa wameanza kumwita Daktari kwa utani, na yeye, kusema kweli, hakuuchukia utani huo. Ilikuwa Januari mwaka wa 1969. Kadzo alikuwa na miaka ishirini, akimsaidia tabibu wa pale zahanatini huku akisubiri matokeo. Mwishoni mwa mwaka uliopita alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha sita, na karatasi zake zikapelekwa ng'ambo kusahihishwa. Matokeo yangetoka Machi. Lakini chuo cha udaktari kule Nairobi kilitaka fomu za maombi zifike kabla ya Januari kwisha. Basi akawa anaomba kufundishwa kutibu watu huku hajui kama mtihani wenyewe ameupita au umempita yeye.

Mjomba wake Garama alikuwa na dawa ya tatizo hilo. Jioni moja aliichukua ile fomu, akaitazama juu chini, akaweka kidole penye neno "Matokeo".

"Hapa andika umepasi vizuri sana."

"Na Machi ikija na habari nyingine, mjomba?"

"Machi iko mbali, mwanangu. Wino uko hapa."

Kadzo alicheka, akachukua kalamu, akaandika neno moja: Nasubiri. Mjomba Garama alitikisa kichwa kama aliyemwona mtu akimwaga uji.

Kilichobaki kilikuwa barua. Fomu ilidai maneno ya mtu aliyemwona mwombaji akifanya kazi na wagonjwa, na mtu huyo alikuwa Bwana Maweu, msaidizi wa tabibu ambaye watu wote walimwita dresa. Maweu alikuwa Mkamba aliyekuja pwani kikazi akapewa shamba, akapanda mahindi, akasahau kurudi kwao. Kwa kutibu alikuwa mwepesi. Kwa kuandika, Mungu amsamehe, alikuwa kama mtu anayepanda minazi: herufi hapa, apumzike, herufi pale, atazame kama imesimama wima.

"Leo nitaimaliza," alimwambia Kadzo asubuhi ya Jumatatu. "Mfuko wa posta unaondoka Msambweni saa tisa. Wewe shika dirisha. Na chupa zako?"

"Moja moja, Bwana Dresa. Naosha, najaza, nafunga alama ya mwenyewe, ndipo nashika nyingine."

"Hata wakipiga foleni mpaka baharini."

"Hata wakipiga foleni mpaka Pemba," akasema Kadzo, na wote wawili wakacheka.

Sasa, jambo la alama. Idd ilikuwa imepita mwezi mmoja, na sikukuu hiyo karibu kila nyumba ilikuwa imenunua sharubati katika duka moja. Sharubati ilinyweka, chupa zikabaki, na chupa hizo zote zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Hivyo kila mtu alifunga kitu chake shingoni mwa chupa ili asibadilishiwe. Esha wa Munje, ambaye mtoto wake Hamadi alikuwa anaharisha, alifunga uzi mwekundu. Mzee Baya, mwenye goti bovu, alifunga kipande cha ukindu alichokikata kwenye mkeka wake mwenyewe, na mkewe alikuwa bado hajamsamehe.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu. Kadzo aliitazama saa ya ukutani, akautazama mlango wa chumba ambamo kalamu ya Maweu ilikuwa ikikwaruza polepole. Akafikiria Msambweni na mfuko wa posta. Siku hii moja tu, akajiambia. Akafungua alama zote, akazipanga mezani kwa mstari, akatumbukiza chupa sita kwa pamoja ndani ya maji ya moto. Kazi ya saa nzima akaimaliza kwa dakika ishirini. Dawa ya tumbo ilikuwa nyeupe kama tui, na dawa ya kuchua viungo nayo ilikuwa nyeupe kama tui, lakini yeye aliijua kila moja kwa mtungi wake. Alijaza, akafunga alama, akagawa.

"Kijiko kimoja cha chai, mara tatu kwa siku," alimwambia Esha. Esha akambeba Hamadi mgongoni, akashika njia.

Mzee Baya hakwenda mbali. Alikaa barazani, akakunja msuli mpaka juu ya goti, akajimiminia dawa kiganjani, akaanza kuchua. Alichua, akangoja. Akachua tena.

"Binti," aliita, "dawa yako leo imefiwa?"

"Kwa nini, babu?"

"Ile ya mwezi uliopita ilinitoa machozi, nikaimba nyimbo za ujana wangu. Hii imetulia tu kama maji ya mvua. Tazama!" Goti lake lilikuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Kadzo aliichukua chupa, akanusa. Haikuwa na harufu kali ya kafuri wala ya tapentaini. Ilinuka udongo mtupu. Ilikuwa dawa ya tumbo. Kati ya zile chupa sita, zenye dawa nyeupe zilikuwa mbili tu, ya Esha na ya Mzee Baya; kama dawa ya Hamadi ilikuwa kwenye goti la Mzee Baya, basi dawa ya goti ilikuwa njiani kwenda Munje, na mtoto angepewa kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.

Alitupa kitambaa alichokishika, akaruka ngazi, akaanza kukimbia. Njia nzima ilikuwa mbele yake. Akimfikia Esha, angebadilisha chupa kwa tabasamu na kusema, "Nimesahau kitu kidogo, dada." Mzee Baya hakujua lolote. Maweu alikuwa ndani, pengine ameshafika kwenye mstari wa mwisho wa barua, na hakuwa na haja ya kujua.

Katikati ya uwanja akasimama. Je, kama mtoto amekwisha kunywa? Afanye nini? Hakujua. Alijua majina ya mifupa yote ya mwili, lakini hilo hakulijua. Aliyelijua alikuwa yule mwenye kalamu.

Kadzo aligeuka, akaingia ndani bila kubisha hodi.

"Bwana Dresa, nimembadilishia Esha dawa. Nimempa mtoto dawa ya kuchua."

Kalamu ilisimama. Maweu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Ameondoka lini?"

"Nusu saa."

"Chukua baiskeli yangu, una miguu mizima kuliko mimi. Kama hajanywa, mshukuru Mungu. Kama amekunywa, usimtapishe. Umesikia? Usimtapishe, mlete hapa upesi. Mimi natafuta gari la kumpeleka hospitali. Enda!"

Baiskeli ile ilikuwa ya mtu mrefu, na Kadzo hakuwa mrefu. Alisimama juu ya pedali, leso ikipepea, ile chupa ya Mzee Baya yenye dawa ya tumbo kaifunga kifuani kwa ncha ya leso, huku kuku na watu wakimpisha. "Daktari, unamkimbiza nani?" kijana mmoja alimpigia kelele. Akazidi kukanyaga.

Aliwaona penye mkahawa wa Mwinga, pale njia inapokata kona. Esha alikuwa ameomba kijiko. Alikuwa amempakata Hamadi, kijiko kimejaa, na mtoto amefumba midomo kama mlango wa duka siku ya Ijumaa.

"Fungua, baba, fungua," Esha alikuwa akimbembeleza. "Dawa zote hunuka."

"Dada Esha! Usimpe!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Kadzo breki ya baiskeli ile ilikufa zamani. Aliangukia benchi, na benchi likampiga Esha mkono, kijiko kikaruka, dawa ikamwagika mchangani. Harufu ya tapentaini ikajaa mkahawa mzima.

"Amekunywa?" Kadzo aliuliza akiwa bado chini.

"Tone halijaingia. Anakataa tangu tulipokaa. Kuna nini?"

Hapo palikuwa na watu wanane, na chai zao zimesimama hewani. Kadzo aliinuka, goti likimtoka damu.

"Hiyo ni dawa ya kuchua. Si ya kunywa, ingemdhuru. Ni kosa langu. Nilifungua alama zote mara moja ili nimalize upesi, nikawafungia vibaya. Ya Hamadi ni hii hapa."

Mwinga, mwenye mkahawa, alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Ala! Hata matokeo hayajaja, Daktari, umeshaanza kutumaliza?"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kila siku. Esha hakucheka. Alimkumbatia mtoto wake kwa nguvu, akamkazia Kadzo macho.

"Dresa amekutuma?"

"Nilimwambia mwenyewe. Kisha nikaja."

"Ungeweza kunidanganya, nisijue."

"Ningeweza."

Esha aliichukua ile chupa, akaifungua, akainusa yeye mwenyewe, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Kuanzia leo," alisema, "nikija kuchukua dawa nitasimama pale dirishani nikutazame mikono."

"Usimame, dada. Nitafurahi."

Aliporudi, Mzee Baya alikuwa bado barazani na goti lake jeupe, habari zote keshazipata. "Mimi sina kesi nawe," alimwambia. "Goti langu halikuwa linaharisha, lakini sasa haliwezi kuharisha kamwe." Kadzo alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Ndani, Maweu alikuwa ameiweka barua mezani. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Humu nilikuwa nimeandika kwamba wewe ni mwangalifu," alisema. "Neno hilo limenichukua robo saa. Sasa siwezi kuliacha peke yake."

"Andika yaliyotokea, Bwana Dresa."

"Yote?"

"Yote."

Maweu aliandika. Saa saba ikapita, saa nane ikafika, na kwa mara ya kwanza kalamu yake ilikwenda mbio. Alipomaliza, aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, lakini hakuifunga. Akamkabidhi.

"Gundi ya bahasha ni yako," alisema. "Ukitaka kuisoma, soma. Ukitaka kuitupa baharini, bahari haiko mbali. Nyumbani kwenu hakuna atakayekuuliza."

Kadzo aliilamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akaichukua pamoja na fomu yake, akapanda tena ile baiskeli isiyo na breki. Karani wa posta Msambweni alikuwa ameshika kamba ya mfuko mkononi alipoingia akitweta.

"Ulikuwa wapi tangu asubuhi?" aliuliza karani.

"Kulikuwa na neno moja la kurekebisha kwenye barua," akasema Kadzo.

Wiki zilikwenda. Kadzo hakuacha kazi. Aliosha chupa moja moja, na Esha, kila alipokuja, alisimama dirishani akamtazama mikono, kama alivyoahidi. Machi matokeo yakaja: alikuwa amepasi. Aprili akaitwa Nairobi mbele ya meza ya madaktari watatu. Walimwuliza kidogo juu ya mtihani. Kisha yule wa katikati akaitoa barua ya Maweu, akauliza, "Tueleze habari za chupa mbili." Kadzo alieleza, bila kuondoa kitu, hata benchi. Mwezi wa Mei ikaja barua ya kumkubali.

Siku ya kuaga, zahanati ilijaa watu, na mjomba Garama alikuwa wa kwanza kumwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyemshauri juu ya ile fomu. Maweu alimvuta Kadzo kando.

"Unajua kwa nini nililiandika kosa lako?"

"Kwa sababu lilikuwa kweli."

"Na kwa sababu nilitaka wajue ulilolifanya baada yake. Kukosea utakosea tena, mwanangu, hata ukiwa daktari mkubwa. Mgonjwa yuko upande wa pili wa dirisha, haoni mikono yako. Anachoweza kukuamini ni kimoja tu: kwamba siku ukikosea, utasema upesi, kabla kijiko hakijafika mdomoni. Mtihani haupimi hilo. Wewe ulilipima mwenyewe, pale uwanjani."

Kadzo aliinama kumshika mkono kwa heshima. Alipoinua kichwa, Esha alikuwa amesimama mbele yake na Hamadi, sasa mnene na mtundu, na mkononi ana chupa ya sharubati iliyofungwa uzi mwekundu.

"Hii ni zawadi ya safari," Esha alisema. "Ni sharubati. Lakini nusa kwanza."

Kadzo akafungua kizibo, akanusa mbele ya watu wote, ndipo akanywa.