Paka Katika Nyumba ya Kelele

Siku katika nyumba ya fundi cherehani ilianza kwa kelele na kuisha kwa kelele. Fundi mwenyewe aliimba akitunga uzi kwenye sindano. Mumewe, dereva wa lori, kila alipokuwa nyumbani alitafuta soksi zake kwa sauti ya mnadani. Binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alisimulia ndoto zake huku akipiga mswaki, povu likimtoka na maneno yakimtoka, usijue lipi linatangulia. Mlango wa chumba cha mbele, ilipokaa cherehani, haukufungwa kutwa. Huyu kaja kupimwa, yule kaja kuchukua sketi, na wengine hawakujia lolote ila kusikia nani kamwambia nani nini.

Katikati ya vurumai hiyo aliishi msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakusikika hata akitembea. Fundi alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake, kwa hiyo alimwita Mama Mkubwa. Redio alimbandika jina siku ileile alipofika.

"Mama, huyu anatokea tu nyuma ya mtu kama paka! Tumfunge kengele."

Basi akawa Paka. Hakucheka, hakukasirika. Tangu mama yake afariki, mambo yalimfikia kama maongezi ya chumba cha pili: watu wanaongea, lakini hayamhusu. Alifagia, akaenda shule, akarudi, akashona vifungo. Akiulizwa kama ameshiba, alisema ameshiba. Hakuwa na hakika.

Kwao hakukuwa na kelele. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, na mchana alilala katika chumba chao kimoja. Maji yalimiminwa taratibu ukingoni mwa ndoo. Sufuria haikuburutwa. Aliyetaka chumvi alinyoosha vidole viwili. Kitu kikiharibika, aliyekuwa karibu alikitengeneza kimyakimya, na hakuna aliyeuliza nani kakiharibu, maana maswali yangemwamsha mlinzi. Mkubwa akikasirika, uliinamisha macho ukanyamaza mpaka hasira zipite. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Paka hakujua kwamba hizo ni sheria za nyumba moja. Alidhani ndivyo binadamu walivyo.

Ijumaa moja, Mama Mkubwa alitoka kwenda kununua zipu. Alimwachia Redio gauni la bluu alipige pasi. Lilikuwa la muuguzi wa zahanati, la kuvaa kesho yake kwenye mahafali. Redio alikuwa ndiyo kwanza anaanza upande wa chini, mara sauti zikapanda barabarani. Muuza mkaa na mkewe walikuwa wamekorofishana tena, na safari hii mke alikuwa ameshika mzani.

"Nakuja sasa hivi!" Redio aliiambia pasi, akatoka mbio.

Paka alikuwa uani akifua. Alisikia harufu, akaingia, akaiinua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imekaa kwenye kipande cha mbele, imechongoka kama pasi yenyewe. Hakuita mtu. Alichukua mkasi mdogo, akaanza kufumua mshono wa ubavuni ili akitoe kile kipande kilichoungua. Ndivyo ambavyo angefanya kwao.

Mama Mkubwa akaingia. Nyuma yake walikuja Redio na shoga yake fundi, msusi wa mtaa wa pili.

"Mama yangu we! Gauni la watu! Nani kafanya haya?"

"Si mimi!" Redio alidakia kabla swali halijatua. "Mimi nilikuwa nje, muulize yeyote! Naapa, mama, nife hapa hapa!"

Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikisemwa kwa sauti kubwa hujaza chumba kizima.

"Na wewe mwenye mkasi? Umeunguza, sasa unaficha?"

Paka aliinamisha macho. Alinyamaza kwa heshima zote alizofundishwa.

"Si nakuuliza?"

Paka alizidi kuinamisha kichwa.

"Hata machoni hakutazami," alisema msusi. "Shoga, asiye na kosa hupiga kelele. Hilo ndilo jibu lako."

Mama Mkubwa aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Kuunguza nasamehe. Nimeunguza za watu mpaka nimechoka kuomba radhi. Lakini ujanja siulei. Kesho nampigia baba yako aje akuchukue."

Baba sasa alikuwa analala katika chumba cha walinzi wenzake, wakipokezana kitanda. Hapakuwa na pa kumweka mtoto wa kike. Angezungushwa kwa ndugu huyu na yule, na shule ingeishia hapo. Paka aliyajua hayo yote. Alingoja hofu ije. Haikuja.

Wakati wa chakula cha jioni, dereva alisahau tena alipoweka funguo za lori, na mkewe akamshutumu kwamba amezidondosha njiani. Naye akanguruma, "Sijadondosha! Ziko kwenye koti!" Zikapatikana kwenye koti, wakaendelea kula. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Paka aliwatazama mmoja mmoja. Kumbe hapa mtu akiulizwa kwa ukali, bado anangojewa ajibu.

"Mama Mkubwa." Sauti ilitoka na kutu. "Sikuunguza mimi. Nilisikia harufu, nikaiondoa pasi. Nilikuwa nafumua ili tutie kipande kingine."

Wote waliacha kutafuna.

"Sasa mbona nilipokuuliza hukusema?"

"Ulikuwa na hasira. Kwetu mtu mwenye hasira hajibiwi. Ni utovu wa adabu."

Dereva alimgeukia binti yake, ambaye alikuwa anahesabu nyuzi za mkeka. "Redio, mbona leo betri zimekwisha?"

Redio aliacha kuhesabu. "Nilienda kusikiliza ule ugomvi," alisema, kisha akalia kwa sauti iliyostahili jina lake. "Niliogopa, mama!"

Mama Mkubwa aliweka tonge chini. Alikuwa anamtazama Paka kana kwamba ndiyo kwanza amewasili.

"Unajua mama yako tulimwita nani udogoni? Tarumbeta. Akicheka, mbuzi wa jirani hukata kamba."

"Si kweli," alisema Paka. "Mama alikuwa ananong'ona."

"Alijifunzia kwenu. Aliolewa na mtu anayelala mchana, na nyumba ikamshona upya. Sisi sote ndivyo tulivyo, mwanangu. Hakuna kitambaa kilichozaliwa gauni. Wewe umekatwa kwa kipimo cha kwenu, mimi nikakupima kwa futi ya kwangu, nikasema umepinda. Nimekukosea. Adabu ya kwenu usiitupe, ni njema. Ila ukweli ukitafutwa, useme, hata mbele ya mtu aliyewaka. Na wewe, Redio, sikia: sauti kubwa si ushahidi. Ungesema mapema, mwenzako asingekaribia kufukuzwa kwa kosa lako."

"Nisamehe, Paka," alisema Redio, akijifuta pua kwa kiganja.

Paka alijaribu kumwona mama yake akicheka mpaka mbuzi wanakata kamba. Hakuweza. Akajaribu tena. Kifuani mwake kitu kilisogea kidogo, kikamuuma, na maumivu yale hayakuwa ya chumba cha pili.

Asubuhi waliketi wawili kwenye cherehani, kipande kipya cha bluu mbele yao. Redio alikuwa amekishikilia, akisimulia jinsi mzani wa muuza mkaa ulivyoishia mtaroni, na kila mkono wake uliporuka, kivuli kiliangukia mshono.

"Sogea," alisema Paka kwa sauti. "Unaniziba mwanga."

Redio alisogea. Mama Mkubwa, aliyekuwa mlangoni na mteja, alisikia. Alifumbua mdomo atie neno, kama kawaida yake. Kisha akaufunga, akawaacha washone.