Doa la Nyuma ya Fotei

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Feza alikunja blanketi la bibi yake, akafagia sebule na kupanga vitambaa vya kufuma juu ya fotei. Mwisho alifungua dirisha dogo la nyuma na kuliegemeza kwa kijiti ili hewa ipite.

Fotei hiyo, kochi refu la kijani, ilikuwa fahari ya nyumba yao. Papa Birindwa, baba yake, alikuwa fundi wa fotei hapa Kamembe, na ile aliitengeneza mwenyewe tangu mbao hadi kitambaa. Kwa wiki tatu sasa ilikuwa pia kitanda cha Koko Joséphine, mama yake Papa. Koko alikuwa ametoka kisiwani Nkombo kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na daktari alikuwa amempangia kupasuliwa siku ya Jumanne, baada ya wiki moja na nusu.

Ijumaa hiyo, Maman Nzigire, mama yake Feza, alisimama katikati ya sebule akiwa na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, za kupeleka sokoni. Akavuta pumzi mara mbili.

“Feza, unasikia ile harufu?”

“Harufu ya sambaza, Maman.”

“Sambaza nimeziuza miaka kumi. Hii si sambaza.”

Ilikuwa harufu kali, ya kuchoma pua. Maman alitazama fotei, akatazama blanketi la Koko, kisha akatazama mlango ambao Koko alikuwa ametoka kwenda kuota jua.  Jioni alifua blanketi na shuka kwa javeli, dawa kali ya kung'arisha nguo. Siku mbili nyumba ilinukia javeli, na siku ya tatu ile harufu ilirudi, tena kwa nguvu zaidi.

Hakuna aliyeuliza. Maman alikuwa mkwe wa Koko, na mkwe hawezi kumuuliza mama wa mume wake habari za mkojo. Papa naye alikuwa mtoto wake wa kumzaa, kwa hiyo aliona haya mara mbili. Basi watu wakawa wanatazamana tu. Koko akiinuka kwenye fotei, macho yote yalishuka pale alipokuwa amekaa.

Jirani yao, Maman Uwera, ndiye aliyelisema jambo hilo. Alikuja kuchukua sambaza za kuuza, akabaki mlangoni ameziba pua kwa kitenge.

“Nzigire, humu ndani mnaanika nini?”

“Ingia tu, jirani.”

“Niingie nizimie?” Akacheka, kisha akapunguza sauti. “Usihuzunike. Wazee wakifika pale, wanarudi kuwa batoto. Mama yangu mimi nilimtandikia nailoni.”

Koko alikuwa uani, nyuma ya mlango. Macho yake hayakuona vizuri, lakini masikio yake hayakuwa na kasoro.

Kuanzia siku hiyo Feza naye alianza kumchunguza. Alikaa ncha ya mbali ya fotei. Alihesabu vikombe vya chai. Jumatano Koko alirudisha kikombe kikiwa kimejaa. “Nimeshiba, mjukuu wangu,” alisema. Alhamisi asubuhi Feza alimwona akimwaga chai yake yote chini ya mgomba. Feza akasema moyoni, kumbe anajua mwenyewe, ndiyo maana hataki kunywa.

Mchana huo, aliporudi kutoka shule, alimsikia Maman akizungumza na Papa kwenye karakana, kando ya nyumba.

“Jumamosi kikundi cha maombi kinakuja kwetu. Nitawakalisha wapi?”

“Mama anapasuliwa Jumanne.”

“Wataahirisha. Kesho apande boti, arudi Nkombo apumzike. Mimi sikatai kumtunza, Mungu anajua. Lakini hatuwezi kuendelea hivi.”

Papa alipiga msumari mmoja. Kisha akasema, “Nafasi ya daktari tumeingoja miezi saba, Nzigire.” Lakini hakusema hapana.

Feza aliingia sebuleni polepole. Hapo ndipo alipoona kitu kilichomfanya asimame.

Paka alikuwa nyuma ya fotei.

Huyo alikuwa paka dume mwenye sikio lililochanika, asiye na mwenyewe. Alikuja wiki ileile Koko alipofika na mifuko ya sambaza kavu kutoka kisiwani. Siku ya kwanza alirarua mfuko mmoja, na Maman akamfukuza kwa ufagio. “Atakayemlisha huyu mwizi sambaza zangu, atanijua,” alisema siku ile. Lakini paka alikuwa anachechemea, na Feza akamwonea huruma. Kila siku alimwekea vichwa vya sambaza kwenye kifuniko cha ndoo nyuma ya fotei, na paka akapita katika dirisha lile lenye kijiti. Feza alidhani anakula na kwenda zake.

Sasa paka aliugeuzia mgongo upande wa fotei ulioelekea ukuta. Akainua mkia juu, mkia ukatetemeka, na mkojo ukaruka kwenye kitambaa cha kijani.

 Kumbe Koko hakuwa na kosa lolote. Na yeye, Feza, ndiye aliyefungua dirisha.

Angeweza kukimbilia karakana na kusema. Badala yake alimfukuza paka, akachukua chupa ya javeli ya Maman na kuimwaga yote pale penye mkojo. Alisugua haraka haraka, huku akiomba, “Mungu wangu, itoke kabla hawajaingia.” Alitaka Mungu amsaidie kuficha. Mara mvuke mkali ukapanda. Macho yakamchoma, kifua kikabana, akaanza kukohoa bila kukoma.

“Nani anakohoa hivyo?” Koko aliingia akipapasa ukuta. “Feza? Mwanangu, uko wapi?”

Alipiga hatua mbili, akashika hewa, akaanguka sakafuni.

Feza alitambaa hadi kwake. Midomo ya Koko ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ulimi wake ulikuwa mkavu. “Papa!” Feza aliita. “Papa, kuja!”

Papa na Maman waliingia pamoja. Papa alimbeba mama yake hadi uani, penye hewa, na Maman akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko.

“Tangu lini hujanywa maji, Mama?” Papa aliuliza.

Koko aligeuza uso pembeni. “Nilisikia maneno ya jirani. Nikasema, labda ni kweli, usingizini muntu hajijui. Nikaacha kunywa, nisiwaaibishe.”

Maman aliweka kijiko chini. Feza aliona kwamba akinyamaza sasa hivi, hatapata tena nguvu ya kusema.

“Si Koko,” alisema. “Ni paka. Mimi ndiye nilikuwa namlisha. Namfungulia dirisha. Leo nimemwona anakojolea fotei kule nyuma, na nimemwaga javeli nikimwomba Mungu msijue.”

Papa aliingia sebuleni. Alifungua milango yote, akangoja mvuke uishe, kisha akaivuta fotei kutoka ukutani na kuigeuza. Nyuma, kwenye kimo cha goti, kulikuwa na doa la manjano lililoshuka hadi kwenye mbao, na kando yake kifuniko cha ndoo chenye miba ya sambaza. Akavua foronya za mbele, mahali pa kulala, akabonyeza sponji kwa kiganja. Ilikuwa kavu.

“Mimi ni fundi wa fotei,” alisema taratibu. “Muntu anakaa huku mbele. Huku nyuma kunakaa nani? Wiki nzima sikuigeuza, kwa sababu niliogopa nitakachokiona.”

Maman alipiga magoti mbele ya Koko. “Mama, nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza.”

“Simama, mkwe wangu. Mimi pia nilijihukumu.”

Kazi ilianza saa ileile. Papa alimwonyesha Feza. Walisuuza javeli yote kwa maji baridi mengi, kwa sababu, alisema, javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa inayoumiza kifua, na paka akiisikia harufu yake anaweza kurudia palepale. Walikausha kwa vitambaa, kwa kubonyeza, bila kusugua, ili mkojo usizame zaidi. Siku ya Ijumaa walipangusa doa kwa siki iliyochanganywa na maji, na mbao pia. Kitambaa kilipobaki na unyevu kidogo, walinyunyizia bikarbonati, ile Maman anayotia kwenye maharage, wakaiacha hadi Jumamosi asubuhi, kisha wakaipiga brashi. Sponji ya nyuma Papa aliitoa, akaiosha na kuiacha juani. Mikono ya Feza ilinuka siki, na hakulalamika.

“Na paka?” aliuliza kwa hofu.

“Kosa si la paka,” alisema Maman. “Vichwa nitakuwa ninaviweka mimi, nje, nyuma ya karakana. Lakini dirisha litawekwa wavu. Na wewe, mwezi huu kuosha beseni za sambaza ni kazi yako.”

Boti ya Ijumaa iliondoka bila Koko.

Jumamosi kikundi cha maombi kilijaa sebuleni. Maman Uwera aliingia akinusa, kulia na kushoto.

“Keti, jirani,” alisema Koko. “Tena keti hapa kwangu. Usiogope, sijarudi kuwa mtoto bado.”

Wengine walicheka. Maman Uwera alikaa, ameinamisha kichwa, na kabla ya wimbo wa kwanza alimshika Koko mkono na kumwomba msamaha.

Jumanne Koko alipasuliwa jicho moja. Siku iliyofuata walipomwondolea bandeji, alirudi nyumbani akitazama kila kitu polepole, nyuso, ukuta, kitambaa. “Kumbe ni ya kijani,” alisema, akiipapasa fotei. Kisha akamwita Feza karibu.

“Sikiliza, mjukuu wangu. Kila muntu katika nyumba hii alikuwa na neno moja la kusema, na kila mmoja alilimeza. Baba yako, mama yako, mimi, na wewe zaidi, kwa sababu wewe ulijua. Shaka ni kama ule mkojo. Ukiumwagia kitu cha kuficha harufu, unarudi na nguvu. Geuza fotei. Tazama nyuma. Halafu sema ulichokiona, hata kama kinakuaibisha. Mungu hasaidii muntu kuficha.”

“Ndiyo, Koko. Nisamehe.”

“Nilikusamehe siku ileile. Sasa nipe maji, na kikombe kijae.”

Feza alileta kikombe kimejaa hadi ukingoni. Koko alikunywa chote, akaketi vizuri kwenye fotei, na hakuna aliyetazama chini.